Peugeot 504 ya urithi: uiwashe tu, uitengeneze huku ukiitembelea, au uivue yote?

Gari la marehemu limesimama bandani miaka kumi au ishirini. Matairi yamekaa chini, panya wamehamia kwenye viti, na kila ndugu ana ushauri wake. Mmoja anataka liwashwe Jumamosi hii hii. Mwingine anataka livuliwe hadi bati tupu, lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Huenda wote wana haki, ila kila mmoja anazungumzia kazi yake.

Tunalinganisha hapa njia tatu za kulifufua gari kama hilo nyumbani, na mfano wetu ni Peugeot 504 ya petroli, saluni au steshenwagoni, ambayo bado imeegeshwa kwenye nyua nyingi za Afrika Mashariki. Ilitoka mwaka 1968 na ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Ufaransa iliacha kuunda saluni zake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha 504 hadi miaka ya 2000. Kwa mrithi, historia hiyo ina maana moja kubwa: vipuri vya injini, breki na miguu (shokapu, bushi na kadhalika) bado vinapatikana kwa mwenye subira ya kuzunguka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ilhali vioo, mipira ya milango, taa na vya ndani ni vya kuwinda.

Karatasi kabla ya spana

Gari la mirathi ni mali ya warithi wote mpaka igawanywe. Ukizamisha fedha zako kwenye gari ambalo bado lina jina la marehemu, unaweza kujikuta umemtengenezea shemeji. Msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama kwanza, kisha umiliki ubadilishwe TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya. Linganisha pia namba ya chesesi na ya injini na zile za kwenye kadi. Injini za 504 zilibadilishwa sana, na tofauti hiyo ni rahisi kuieleza leo kuliko baada ya rangi mpya.

Vigezo vya kuamulia

Viko vitano: hali ya bodi, nafasi uliyonayo, vifaa na ujuzi, muda na fedha, na unalitaka gari kwa kazi gani. Watu wengi huanza na injini, na hapo ndipo wanapojipoteza. Injini ya 504 ni ya kawaida, fundi yeyote mtu mzima anaijua, na ikishindikana hung'olewa ikawekwa nyingine. Bodi haina nyingine. Gari hili halina chesesi iliyotengana na bodi. Bati lenyewe ndilo linalobeba injini, miguu na abiria. Kutu ya chini ndiyo inayokuchagulia njia, upende usipende.

Kwa hiyo pima kutu kwanza. Chukua bisibisi ya zamani, nyundo ndogo, tochi, na sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba. Jeki mahali pagumu, weka stendi nne zinazobeba walau tani 2 kila moja, kisha ingia chini. Usitumie tofali za saruji: huonekana imara kisha hupasuka ghafla, na juu yako kuna zaidi ya tani moja. Gonga lile boksi la bati linalopita chini ya milango kutoka tairi la mbele hadi la nyuma. Bati zima hulia. Lililokufa hutoa sauti ya gome. Palipotoa gome, choma kwa bisibisi. Ikizama, umepata jibu. Inua mazulia uone sakafu chini ya miguu ya dereva, fungua boneti uangalie pale shokapu za mbele zinaposhikilia juu, kisha kagua wanapofungia mikono ya ekseli ya nyuma na kisima cha tairi la akiba. Sumaku ipitishe kwenye milango na madifenda: isiponata, chini yake kuna puti, si bati.

Matokeo huwa ya aina tatu. Kutu ya juu juu tu: njia zote ziko wazi. Matundu kwenye milango na madifenda: ni ubaya wa sura, si hatari. Matundu kwenye boksi za chini, penye shokapu au penye ekseli: gari lisitembee barabarani kabla ya kuchomelewa, na njia ya kwanza hapa chini haipo tena.

Njia ya kwanza: liwake, litembee, lisimame

Kazi yenyewe. Unafufua mifumo ya usalama na mwendo, na sura unaiacha ilivyo, pamoja na mikwaruzo na rangi iliyopauka.

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuunga betri na kupiga stata. Pistoni zilizokaa miaka zinaweza kuwa zimeshikana na slivu, yaani mirija ya chuma zinamopanda na kushuka, na ringi huvunjika. Toa plagi zote nne, mimina kama kijiko kimoja cha oili ya giaboksi ya otomatiki iliyochanganywa na dizeli katika kila silinda, uache siku mbili. Halafu zungusha kwa mkono, spana ikiwa kwenye puli ya krenki, taratibu, mbele na nyuma. Ikigoma, ongeza dawa na siku. Usilazimishe kwa kuvuta gari na lingine. Slivu za injini hii zinaoga maji moja kwa moja na zimekaa juu ya mipira ya chini. Ukifungua silinda hedi bila kuzibana na ukazungusha krenki, zinanyanyuka, mipira inaachia, na maji yanaingia kwenye oili. Umegeuza kazi ya wiki kuwa ovahoo.

Ikizunguka, badilisha oili, takribani lita 4, na filta. Zungusha kwa stata plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe plagi. Rekebisha nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.10 za kuingiza na 0.25 za kutolea moshi. Injini hii ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, kwa hiyo hapo una hofu moja pungufu. Giaboksi ya 504 inatumia oili ya injini. Ukiiwekea ile nzito ya difu, gia za asubuhi zitakusumbua. Mwenye Peugeot 404 aangalie difu yake: nyingi zilitumia mafuta ya nyonyo, na kuyachanganya na oili ya kawaida hugeuza yote kuwa ugoro.

Tangi lishushwe. Petroli ya zamani hunuka kama vanishi na huacha gundi inayoziba jeti za kabureta. Likitoboka, lipeleke kwa fundi wa rejeta anayejua kuliosha na kulijaza maji kabla ya kuliunga. Kulichomelea nyumbani ni bomu, hata likiwa limekauka mwezi mzima. Mipira yote ya petroli ibadilishwe, na filta ya kuonekana iwekwe kabla ya pampu ili uone uchafu unavyokuja.

Breki ndizo zenye bili. Mafuta ya breki hunyonya maji, na maji hula mastasilinda kutoka ndani. Badilisha hosipaipu zote, mipira ya silinda za matairini na ya mastasilinda, kisha sukuma lita nzima ya mafuta mapya, ukitoa upepo kuanzia tairi lililo mbali zaidi na mastasilinda. Hosipaipu ya zamani ina hila yake: nje huonekana nzima, ndani imevimba ikawa kama valvu ya njia moja. Unakanyaga, breki zinashika. Unaachia, tairi moja linabaki limeshikwa mpaka linatoa moshi. Fundi asiyejua atabadilisha kaliparu bure.

Matairi ya saluni ni 175 R14, steshenwagoni 185 R14. Soma tarehe ubavuni: tarakimu nne, wiki na mwaka, mfano 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000. Litupe hata kama kashata zake, yale meno ya kukanyagia, ni nzima.

Nafasi na vifaa. Banda la gari moja linatosha. 504 saluni ina urefu wa karibu mita 4.5. Unahitaji seti ya spana za milimita, fila geji ya kupimia nafasi za valvu, stendi nne na mita ya umeme.

Muda na fedha. Hesabu wikendi sita hadi kumi kama injini haijashikana. Fedha nyingi huenda kwenye mipira, oili na matairi, vitu ambavyo vinauzwa rejareja na vinaweza kununuliwa kidogo kidogo.

Panapoharibika. Feni. Katika 504 nyingi hushikwa kwa sumaku ya umeme injini ikipata joto. Ikikaa miaka, brashi yake ya kaboni hunata au waya wa swichi ya joto hukatika, na feni haishiki. Safari ya kwanza ni nzuri, foleni ya kwanza gari linachemka, silinda hedi ya alumini inapinda na gasketi inaungua. Kabla ya kutoka getini, acha injini iungurume ikiwa imesimama mpaka uione feni ikishika kwa macho yako. Klachi nayo huweza kunata kwenye flaiwili. Washa gari likiwa kwenye gia mahali pa wazi, klachi ukiwa umeikanyaga, na mara nyingi huachia.

Inamfaa mwenye bodi nzima, anayetaka kusikia tena mlio ule na kwenda nalo harusini, na ambaye haoni aibu kwa rangi ya mzee. Rangi ya kiwandani ikiharibiwa hairudi.

Njia ya pili: kulitengeneza huku unalitembelea

Kazi yenyewe. Unaanza na yote ya njia ya kwanza. Halafu unachukua mfumo mmoja kwa wakati: bushi, boli jointi na shokapu, kisha rejeta na mabomba, kisha umeme, kisha mlango mmoja, difenda moja, rangi mwisho kabisa. Sheria ni moja na haina msamaha: usifungue mfumo wa pili kabla wa kwanza haujafungwa na gari halijatembea walau wiki.

Umeme ndio unaostahili subira. Panya hula ganda la waya kwenye pembe za sakafu na nyuma ya dashibodi, mahali usipopaona. Kabla ya kuunga betri moja kwa moja, weka taa ya wati 21, kama ya indiketa, kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake. Kila kitu kikiwa kimezimwa, taa isiwake. Ikiwaka kwa nguvu, mahali fulani waya umegusa bati; chomoa fyuzi moja moja, na ile itakayoizima taa ndiyo njia yenye ugonjwa. Balbu hiyo itakuokolea dashibodi nzima.

Nafasi na vifaa. Banda lile lile, pamoja na rafu ya vipuri. Ongeza grainda, presi ndogo ya bushi au fundi mwenye nayo, na kompresa ukifika kwenye rangi.

Muda na fedha. Miaka miwili, mitatu, pengine minne. Gharama kwa jumla huweza kupita ya njia ya tatu, kwa sababu vitu vingine hufunguliwa mara mbili: umeweka bushi mpya leo, mwakani unazitoa ili uchomelee walipofungia. Lakini hakuna mwezi mmoja unaokuua.

Panapoharibika. Udhaifu huhama. Ukiweka kifuniko kipya cha rejeta na mabomba mapya, presha inapanda kama ilivyokuwa kiwandani, na rejeta yenyewe inaanza kuvuja. Ukitengeneza silinda hedi ikabana vizuri, ringi zilizochoka zinaanza kuvuta oili. Si kazi mbaya ya fundi. Ndivyo magari ya zamani yalivyo. Weka akiba kwa ajili ya kile kinachofuata, usihesabu kile ulichonunua tu. Hatari nyingine ni kupaka rangi mapema kwa sababu ndugu wanakuja Krismasi. Rangi juu ya kutu hupanda malengelenge ndani ya masika moja.

Inamfaa mwenye mshahara wa kawaida na gari jingine la kila siku, anayependa kujifunza. Gari lenye matundu madogo yasiyo ya hatari ndilo mahali pake. Haimfai mwenye 504 moja tu ya kwenda kazini: siku ya kukosa kipuri ataungia waya, na waya huo utabaki humo miaka mitano.

Njia ya tatu: kulivua hadi bati

Kazi yenyewe. Viti, zulia, vioo, waya, injini, giaboksi, miguu, vyote nje. Kabla ya kila bolti, picha. Kila kundi la bolti katika mfuko wake wenye jina, mfano "bawaba mlango wa mbele kushoto, 6". Waya zipewe vipande vya karatasi ya gundi vyenye namba pande zote mbili. Kioo cha mbele kisinyanyuliwe kwa bisibisi. Kama mpira mpya umeshapatikana, kata wa zamani kwa wembe na kioo kitoke bila ugomvi. Kama haujapatikana, kiache kwanza. Kioo cha 504 kikipasuka, mradi unasimama.

Injini na giaboksi kwa pamoja ni zaidi ya kilo 150. Tawi la mwembe limeinua injini nyingi katika nchi hizi, lakini tawi halina kipimo kilichoandikwa. Kodi krini ya tani moja.

Moyo wa njia hii ni kuchomelea. Kabla ya kukata boksi la chini ya milango, chomelea mabomba ya mraba ya milimita 25 kuvuka uwazi wa mlango, na ukate upande mmoja kwa wakati. Usipofanya hivyo bodi inakaa katikati, na utagundua siku ya kurudisha milango, nafasi ikiwa milimita 3 juu na 9 chini. Tumia bati jeusi la geji 18 kwa sehemu zinazobeba na geji 20 kwa ngozi ya nje. Bati la kuezekea usiliguse: ni jembamba, na zinki yake ikiungua hutoa moshi wa sumu unaoleta homa usiku huo huo. Chomelea kwa nukta nukta, ukiacha ipoe, la sivyo ngozi ya nje inajikunja kama bahasha iliyolowa.

Bati tupu halilali. Dar, Tanga au Mombasa, lililosuguliwa asubuhi lina wekundu kesho yake. Lipate praima ya zinki siku hiyo hiyo. Msasa huanza namba 80, kisha 180, 320, na 400 kabla ya rangi ya mwisho. Saluni nzima huhitaji kama lita 4 za rangi. Ya NC, inayokauka yenyewe bila kigumushi, inasamehe na inaweza kupulizwa nyumbani, ila hupauka na hutaka kusuguliwa kila mara. Ya 2K, inayochanganywa na kigumushi, hudumu, lakini kigumushi chake kina aisosianeti, na barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Bila hewa safi ya bomba na chumba kilichofungwa, iache kwa mwenye chumba. Mwisho, jaza nta ndani ya maboksi yote na hakikisha matundu ya kutolea maji hayakuzibwa na rangi.

Nafasi na vifaa. Gari lililovuliwa huchukua nafasi ya magari mawili na chumba kimoja cha ndani, kikavu, chenye kufuli. Unahitaji mashine ya kuchomelea ya MIG, kompresa ya lita 100 au zaidi, na umeme usioyumba.

Muda na fedha. Bodi peke yake hula saa mia kadhaa. Fedha huja kwa mafungu makubwa: karakana ya kuchonga injini, bati, rangi, kapeti. Kukroma ni ghali na mafundi wake ni wachache, hivyo pitisha sumaku kwenye vipande vinavyong'aa kabla ya kuvitupa: ambacho sumaku inakinata kidogo au haikinati kabisa mara nyingi ni chuma cha pua au alumini, na hung'aa tena kwa msasa mwembamba na mkono.

Panapoharibika. Katikati. Miradi ya aina hii haifi kwenye injini. Hufa gari likiwa bati tupu juu ya stendi, fundi wa bodi amepata kazi nyingine, na mifuko ya bolti imehamishwa na mtu aliyekuwa anasafisha stoo. Gari lililovuliwa nusu, thamani yake ni ya vyuma chakavu, hata kama lilivuliwa vizuri.

Inamfaa mwenye kutu ya hatari ambaye haiwezekani aikwepe, mwenye fedha za bodi na rangi mkononi kabla ya kufungua bolti ya kwanza, na mwenye nyumba ambayo hataihama karibuni.

Uchague kwa hali yako

Bodi nzima na una miezi mitatu: njia ya kwanza, hata kama moyo unataka rangi mpya. Rangi itangoja, kutu isiyoonekana itajionyesha gari likianza kutembea.

Bodi ina matundu ya milango tu, kipato cha mwezi kwa mwezi: ya pili, ukianza na breki.

Boksi za chini au penye shokapu pameoza, lakini huna nafasi ya gari mbili: usilivue. Mpe fundi wa kuchomelea sehemu hizo tatu au nne gari likiwa zima, kwa mapatano ya kazi na si ya siku, kisha endelea na njia ya pili.

Boksi zimeoza, nafasi ipo, fedha ipo: ya tatu. Nunua vioo, mipira na taa kabla ya kuvua, kwa kuwa ndivyo vitakavyokusimamisha.

Unaishi Ulaya au Ghuba na gari liko kijijini: hakuna kati ya hizi tatu inayofaa kufanywa kwa simu. Mwambie aliye nyumbani atoe betri, amwage petroli, alipandishe kwenye stendi, aweke sumu ya panya na aache madirisha wazi kidole kimoja. Mara mbili kwa mwaka azungushe injini kwa mkono, plagi zikiwa nje.